Mlio wa Mia na Sitini

Wivu wa Marcelino una tarehe. Ulizaliwa Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka themanini na sita, saa moja kasoro robo jioni, ndani ya klabu ya wafanyakazi wa mgodi wa almasi pale Mwadui. Philomena alikuwa amemaliza zamu yake kwenye kompyuta, akainuka, na watu saba waliokuwa wamebanana kwenye benchi nyuma yake wakainuka naye. Mmoja alisema anakwenda kumalizia chai. Mwingine akasema ameacha baiskeli juani, na jua lenyewe lilikuwa limeshakwenda zake. Marcelino akakaa kitini, akageuza shingo, akakuta benchi limebaki na Kalisti peke yake, naye Kalisti alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Unakwenda na wewe?" Marcelino akamwuliza.

"Narudi sasa hivi, fundi," Kalisti akasema, na hakurudi.

Ilimuuma Marcelino. Miezi minne nyuma, benchi lile lilikuwa lake. Aliyeileta mashine ile klabuni alikuwa injinia mgeni aliyemaliza mkataba na kwenda kwao. Aliwaachia wafanyakazi kompyuta isiyozidi sinia la chai, televisheni isiyokuwa na kituo cha kushika, redio kaseti moja, na mchezo mmoja. Katika mchezo huo kijitu cheupe kinashuka shimoni na sururu, kinaokota mawe yanayometa, huku maji yanapanda kutoka chini. Ukimaliza tabaka moja unashuka la pili, hadi thelathini. Ukizamishwa mara tatu, roho zako zimekwisha. Watu waliokuwa wakishinda mgodini mchana kutwa walikuwa wanapanga foleni jioni wakachimbe tena, bure. Ukiwacheka, jiulize kwanza wewe unapumzikaje.

Tatizo la mashine ile lilikuwa usahaulifu. Umeme ukikatika, au mtu akiizima, ilisahau kila kitu, na aliyefika tabaka la tisa alirudishwa la kwanza kama mtu asiyewahi kuonekana hapo. Marcelino, ambaye alikuwa fundi umeme wa karakana, ndiye aliyekaa wiki tatu na kitabu cha injinia na kamusi iliyochanika, akagundua dawa. Unachomeka waya kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye redio kaseti, unabonyeza kurekodi, na mashine inapiga mlio mkali wa dakika mbili unaotia meno ganzi. Mlio ule ndio kazi yako yote, umefika wapi na una roho ngapi. Kesho yake unairudisha kaseti pale pale, unaicheza, mashine inausikiliza mlio wake yenyewe na kukukumbuka.

Shida ni kwamba mwaka ule kaseti mpya ilikuwa adimu kuliko sabuni, na sabuni watu walikuwa wanaikesha. Kaseti ilikuwa moja. Wachezaji walikuwa tisa. Ndipo Marcelino alipoweka utaratibu. Redio kaseti ilikuwa na kidirisha chenye namba tatu zinazozunguka kadiri mkanda unavyokwenda, naye akanunua daftari la mistari na kumgawia kila mtu namba yake. Yeye mwenyewe alianzia ishirini, Kalisti themanini, na wengine vivyo hivyo, na kati ya mtu na mtu akaacha nafasi ya namba kumi ili mlio wa huyu usimwingilie yule. Kitufe cha sauti akakitia alama kwa rangi ya kucha ya mkewe, pale kwenye saba, kwa sababu sauti ikizidi au ikipungua mashine haielewi. Kaseti, daftari na waya vilikaa ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwake. Hakuna aliyecheza bila kusema kwanza, "Fundi, nifungulie." Neno hilo alilipenda kuliko mshahara.

Philomena akaja mwezi wa tatu. Alikuwa mpiga chapa, mjane, mtoto wake mmoja akiitwa Mageni, amehamia ofisi ya stoo kutoka Ushirombo. Siku ya kwanza alipokaa kwenye mashine, mchezo ulimwuliza kama unavyomwuliza kila anayeanza: chagua herufi zako, ya kwenda kushoto, ya kwenda kulia, ya kuruka, ya kuchimba. Wanaume wote walikuwa wamelipita swali hilo kwa kubonyeza kitufe kirefu na kukubali herufi zilizokuja na mashine, ambazo zilikaa upande wa mkono wa kulia. Philomena alilisoma swali hadi mwisho, kisha akachagua herufi zake zote upande wa kushoto.

"Mama Mageni, huo mkono wa chooni," Kalisti alimtania.

"Ndio wenye akili," Philomena akajibu. "Mayu, mama yangu, aliufunga kitambaa miaka miwili niuache. Shuleni wakauchapa fimbo. Kwenye taipu nikaambiwa niutulize. Hii mashine ndiyo ya kwanza kuniuliza ninatakaje."

Watu walicheka. Marcelino akaandika jina lake daftarini, akampa namba mia na sitini, akasahau. Alidhani ni mtu wa kufika tabaka la tatu akachoka.

Mpiga chapa ana vidole kumi vinavyojua kwenda bila kutazamwa, na hilo Marcelino hakulipigia hesabu. Mwisho wa mwezi wa nne Philomena alikuwa tabaka la kumi na tano. Marcelino alikuwa la kumi na nne, na hapo alikuwa amekwama tangu Pasaka. Kila akishuka la kumi na tano maji yalimkuta kwenye kona ile ile. Ilipofika ile Jumanne ya benchi, Philomena alikuwa ameshuka la kumi na tisa, na watu walikuwa wanakuja kumtazama yeye wakiwa wamebeba chai zao.

Mwenye wivu haishiwi kazi. Marcelino alianza na vitu vidogo ambavyo mtu mzima angeona haya kuvisimulia. Zamu ya Philomena ikifika, alisahau ufunguo nyumbani. Siku nyingine alimkatia dakika kumi, akasema saa ya ukutani iko nyuma. Siku moja alikisogeza kitufe cha sauti kutoka saba hadi nane kabla hajampisha, mashine ikakataa kuusoma mlio mara mbili, watu wakaguna. Marcelino akasubiri Philomena amwite amwokoe. Hakumwita. Alikitazama kitufe, akakirudisha kwenye alama ya rangi ya kucha kwa kidole kimoja, kisha akamtazama Marcelino machoni. Marcelino alisikia uso unamwaka. Tangu hapo alianza kumchukia hata anavyokoroga chai.

Nyumbani alimwambia mkewe, Anisia, kwamba kuna mwanamke klabuni anajiona.

"Mama Mageni?" Anisia akashangaa. "Yule anayenishonea sare za shule za mwanetu Serafina bila kuchukua hela ya uzi? Anajionea wapi?"

Marcelino akasema chakula kimezidi chumvi.

Mwezi wa saba ukaja na neno lililotia mafuta motoni. Mzee Eustace, mkuu wa stoo, aliingia klabuni akiwa na kofia mkononi, wote wakamwamkia, akaitikia na kukaa. Alisema stoo italetewa kompyuta ya kazi, ya kuhifadhi orodha ya vipuri, nayo pia itatumia kanda. Anatakiwa mtu mmoja aende Dar es Salaam kwa kozi ya wiki sita, arudi awe ndiye mwenye mashine hiyo. Cheo kitapanda.

"Sijui kompyuta mimi," Mzee Eustace alisema. "Lakini nimesikia hapa kuna wawili walioiweza hii, Marcelino na mama huyu. Jumamosi saa nne nitakuja nikae, nione nani anaitawala. Kila mmoja anionyeshe alipofika."

Marcelino aliitaka safari ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alikuwa na miaka thelathini na sita, miaka kumi na mbili ya kubadilisha fyuzi na kupanda nguzo, na hapa palikuwa na mlango wenye jina lake, maana nani aliyeifundisha mashine ile kukumbuka? Nani aliyekaa wiki tatu na kamusi? Lakini Jumamosi Mzee Eustace asingeulizia wiki tatu. Angetazama kioo. Kwenye kioo Marcelino alikuwa tabaka la kumi na nne, na Philomena ishirini na moja.

Alhamisi, king'ora cha chakula kilipolia na klabu ikabaki tupu, Marcelino akafungua kabati.

Alijiambia anataka kuona tu. Ataangalia tabaka la ishirini na moja likoje, basi. Akaupeleka mkanda mia na sitini, akausikiliza mlio wa Philomena hadi mwisho, na picha ikaja: shimo jipya, refu, lenye ngazi za kamba na mawe mekundu ambayo hajawahi kuyaona. Kijitu cheupe kilikuwa kimesimama juu kinasubiri, na pembeni roho zote tatu, hata moja hajapoteza. Roho tatu! Marcelino akazihesabu tena. Alikuwa amekaa kwenye kona ya tabaka la kumi na tano tangu Pasaka, na mwanamke huyu alikuwa amepita pale na roho tatu.

Hakugusa herufi yoyote, kwa hofu ya kuzamisha. Alirudisha mkanda namba ishirini, kwenye shamba lake mwenyewe, akabonyeza kurekodi. Mashine ikapiga mlio dakika mbili. Tabaka la ishirini na moja sasa lilikuwa la Marcelino.

Hapo akakumbuka kwamba na lile la mia na sitini bado lipo. Jumamosi wangetokea watu wawili, tabaka moja, roho sawasawa, na hata Mzee Eustace asiyejua kompyuta anajua kuhesabu. Marcelino alikaa akitazama mlango. Moyo wake ulimwambia afute alichokiandika, arudishe kila kitu, akale ugali wake. Wivu ukamwambia Jumamosi ni kesho kutwa. Akachomoa waya, akaupeleka mkanda mia na sitini, akarekodi ukimya juu yake hadi namba mia na tisini. Kisha akafunga kabati, akaenda kula, akala vizuri sana, akaomba na mchuzi.

Jambo moja hakulijua, naye ndiye aliyejiita mtunzaji. Alikuwa akiamini kwamba zile herufi za kuchagua hukaa ndani ya mashine yenyewe, na ukiizima zinapotea. Alipomwona Philomena anaanza kucheza bila kusita, alidhani huchagua upya kila jioni kwa sababu vidole vyake ni vyepesi. Yeye hakuwahi kuchagua herufi maishani mwake. Kumbe herufi za mtu huandikwa kwenye mlio pamoja na tabaka lake na roho zake, zinasafiri naye popote mlio unapohamishiwa. Pale Mwadui watu walikuwa wanapekuliwa kila siku wakitoka mgodini, mfuko, kiatu, hata nywele, na Marcelino mwenyewe alikuwa mtu wa kusema kitu cha mtu hakikosi alama. Kwa alichokichukua yeye, hakupekua.

Jumamosi klabu ilijaa hadi madirishani. Marcelino alikuwa amevaa shati la kwenda kanisani. Philomena alikuja na gauni lake la kazini, akamwamkia Mzee Eustace, akaambiwa aanze.

Marcelino mwenyewe ndiye aliyeuweka mkanda mia na sitini. Mkono wake ulikuwa mtulivu, jambo lililomshangaza. Kaseti ikazunguka. Hakuna mlio. Watu walisubiri dakika nzima wakisikiliza mashine ikivuma tu. Philomena akaangalia waya, akaangalia kitufe cha sauti, akarudisha mkanda nyuma kidogo, akajaribu tena, halafu mara ya tatu. Kisha akainamia daftari na kulitazama kwa muda mrefu, ingawa ukurasa ule ulikuwa na mistari kumi tu.

"Hakuna kitu," akasema.

"Maana yake nini hakuna kitu?" Mzee Eustace akauliza.

"Imefutika, Mzee. Itabidi nianze la kwanza."

Benchi zima likaguna kwa huruma, na Marcelino akaguna nalo. Mzee Eustace akasema basi, apishe kwanza, amwone fundi.

Namba ishirini ikalia mlio wake, safi kabisa. Shimo refu likatokea kiooni na mawe yake mekundu, na watu wakapiga miluzi. "Ishirini na moja!" akasema mtu dirishani. "Huyu alikuwa anatuficha." Marcelino alikuwa amemdokeza Kalisti tangu jana kwamba yeye mwenyewe amekuwa akifanya mazoezi saa za chakula. Akajiweka sawa kitini, akaweka mkono wa kulia mahali pake, akabonyeza.

Kijitu hakikusogea. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Akajaribu kuruka, akajaribu kuchimba. Maji yakaanza kupanda. Alibonyeza herufi zote nne alizozijua, kisha nyingine ovyo za upande ule ule wa kulia, jasho likimtiririka mgongoni, na kijitu cheupe kikabaki kimesimama hadi maji yalipokifunika. Roho moja ikaondoka. Mchezo ukaanza tena, na maji yakapanda tena.

"Fundi, umepigwa shoti?" Kalisti akauliza, na watu wakacheka kidogo, maana walidhani ni utani.

Roho ya pili ikaondoka. Marcelino hakuwa anaona tena kioo vizuri. Ndipo mkono ulipopita juu ya bega lake, mkono wa kushoto, ukashuka upande ule wa herufi ambao hakuna mwanamume wa klabu ile aliyewahi kuugusa, ukabonyeza mara moja. Kijitu kikaruka. Ukabonyeza nyingine, kikashika ngazi ya kamba na kupanda juu ya maji. Philomena akauondoa mkono wake, akarudi kusimama alipokuwa.

Hakuna aliyecheka tena. Mkono ule walikuwa wameutazama miezi minne, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee Eustace peke yake ndiye aliyekuwa anageuza shingo huku na huku.

"Mbona mwingine anaiweza na aliyekaa haiwezi?" aliuliza. "Hizo herufi ni za nani?"

"Ni zangu, Mzee," Philomena akasema.

"Na zimefikaje kwake?"

Swali hilo pale Mwadui si swali la mtu kuulizwa akiwa amekaa. Kitu kilichotoka mahali pake kikaonekana pengine, watu wanajua kinachofuata. Marcelino akawaona kichwani Anisia na Serafina, na magodoro yakitolewa nje ya nyumba ya kazi. Uongo ulikuwa umekaa mdomoni mwake tangu Alhamisi, akautema.

"Zile namba za kaseti zimeteleza, Mzee. Mashine ni kuukuu. Nilivyorekodi yangu itakuwa iliangukia kwake, na ya kwake ikaja kwangu."

Mzee Eustace akamgeukia Philomena. "Inawezekana?"

Klabu yote ilikuwa inamtazama. Marcelino alitazama sakafu akasubiri kukatwa.

"Inawezekana, Mzee," Philomena akasema.

Marcelino alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani. Lakini Mzee Eustace alikuwa amelichukua daftari kutoka mezani, analipekua kurasa zake chache.

"Hili daftari la nani?"

"La kwangu, Mzee."

"Na ufunguo wa kabati?"

"Wa kwangu."

"Basi sikia, Marcelino. Makosa ya mashine sikatai. Lakini mimi stoo nina vipuri elfu sita, na kila kimoja kitakaa kwenye kanda kama hii, kwenye namba kama hizi. Bolti ya pampu ikiteleza ikaangukia kwenye taa, mgodi unasimama. Hapa ulikuwa na watu kumi, na wamekuteleza. Nitakupaje elfu sita?"

Marcelino angekiri, angekuwa mwizi. Kwa kuwa hakukiri, alikuwa mzembe. Hakukuwa na kiti cha tatu.

Mzee Eustace akamwambia Philomena aanze la kwanza. Philomena akakaa, akasoma swali hadi mwisho, akachagua herufi zake upande wa kushoto. Saa sita alikuwa tabaka la tisa, roho zote tatu zipo, na benchi lilikuwa limejaa hadi watu wanakaliana mapajani. Kalisti ndiye aliyemwomba Marcelino ufunguo wa kabati. Hakusema kwa nini. Aliufungua mkono tu, na Marcelino akautia humo.

Nyumbani, Anisia alikuwa amekaa kitandani pembeni ya sanduku. Lilikuwa sanduku la kahawia lenye vifungo viwili vya chuma, jipya, linanuka duka. Alikuwa amelifuata Maganzo asubuhi ile, kwa wafanyabiashara wanaowauzia wachimbaji wadogo waliopata bahati, na alilipia kwa hela ya vitumbua alivyouza miezi mitatu.

"Nilijua hutakuwa na la kubebea," akasema. "Unaondoka lini?"

"Siondoki. Ameteuliwa Mama Mageni."

"Imekuwaje?"

"Namba ziliteleza," Marcelino akasema.

"Pole, Baba Serafina." Akamshika kiganja, akakibana, na huruma yake ilimchoma zaidi ya swali la Mzee Eustace. Kisha akainuka akalifuta sanduku vumbi ambalo halikuwapo. "Basi mpelekee yeye. Mwanamke wa watu ana kikapu tu, ataingiaje Dar es Salaam na kikapu? Akirudi ataturudishia."

"Nenda wewe."

"Mimi nina uji jikoni. Nenda, na umpongeze. Watu wataona una moyo."

Akalibeba. Kutoka nyumba yake hadi ya Philomena ni safu tatu za nyumba za kazi, na kila aliyekuwa kibarazani alimwona Marcelino akipita mchana na sanduku la safari asiyosafiri. Hakuna aliyemsemesha. Alikuta Philomena ananing'iniza nguo kwenye kamba.

"Mama Serafina amekuazima," akasema. "Anasema hongera."

"Mwambie wabeja, ahsante sana." Philomena akajifuta mikono kwenye khanga. Hakulipokea. "Nilijua, Baba Serafina. Tangu nilipoona shimo langu kwenye kioo. Namba haiwezi kuteleza kutoka mia na sitini hadi ishirini bila kumgusa Kalisti wa themanini."

Marcelino alitaka kuliweka sanduku chini, akashindwa hata hilo. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, saa hizi mke wako angekuwa anafunga magodoro. Nyumba hizi ni za kazi. Kazi ikienda, na nyumba inakwenda, na yeye hajafuta kitu cha mtu."

"Nisamehe, Mama Mageni."

"Sijakusamehe. Usinisikie vibaya. Sijui kama nitaweza." Alikuwa anasema polepole, bila hasira, akitazama mkono wake. "Nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo mkono huu haukuambiwa utulie. Ulipajua, maana ulikuwepo nikisema. Ukapafuta."

Marcelino akabadilisha mkono. Sanduku tupu lilikuwa limemlemea.

"Nikirudi nitakufundisha yote watakayonifundisha huko," Philomena akasema. "Utakaa wewe kwenye kiti, mimi nitasimama nyuma. Mashine inahitaji mtu wa umeme, na wewe kichwa unacho. Mkeo asijue. Akijua, iwe umemwambia wewe." Akanyoosha mkono wa kushoto, akalipokea sanduku, akaingia nalo ndani.

Marcelino akarudi kwa njia ile ile, mikono mitupu. Alitegemea kwamba baada ya hayo wivu ungemtoka, kwa sababu hakukuwa na kilichobaki cha kushindania. Haukumtoka. Alimwonea Philomena wivu kwa Dar es Salaam, na kwa tabaka la ishirini na moja, na kwa vidole kumi. Lakini lililomsimamisha katikati ya njia, watu wakimtazama vibarazani, lilikuwa lile neno moja alilolisema Philomena mbele ya Mzee Eustace, inawezekana, akiwa anajua kila kitu. Marcelino alijipima mahali pale pale aliposimama Philomena, akiibiwa yeye, na mwizi wake akiwa amekaa mbele yake anatoka jasho. Asingenyamaza. Angesema yote, mbele ya watu wote, na angefurahi.